Daftari la Syombua

Kaseti ile haikuwa na jina.
Kibandiko kilibanduka zamani, kikaacha gundi ya rangi ya chai,
nasi tukaiita Daraja,
maana hapo ndipo tulipokuwa tukifia.

Jericho, nyuma ya duka la Mzee Oguttu,
chumba kilichonuka mafuta ya taa na miguu yetu.
Televisheni ilikuwa nyeusi na nyeupe,
hata leo sijui
damu ya yule mpiga upanga ilikuwa ya rangi gani.

Shilingi mbili, maisha matatu.
Mzee alihesabu vifo vyetu kwa chaki ukutani
na hakuwahi kukosea,
ingawa dukani madeni ya sukari yalimpotea kila siku.

Kwanza unapuliza kaseti, puu, puu,
kama anayebembeleza jiko la makaa lililogoma.
Unaichomeka, unaiinamisha kidogo kushoto,
unaikaza kwa kipande cha kadibodi ya sabuni,
na mtu yeyote asikanyage sakafu kwa nguvu.
Mtu akikohoa, picha inapasuka.

Popo wa kwanza anatoka kulia.
Ukiruka mapema, umekufa.
Ukichelewa, umekufa.
Ukiruka sawasawa unatua juu ya ubao
ambao nao unaanguka.
Nani aliyewachukia watoto kiasi hiki, tulijiuliza,
mtu mzima, mahali fulani, ameketi mezani akipanga popo.

Kakangu Musembi alikuwa na hasira za karibu.
Alirusha padi, akatukana, akafukuzwa,
akarudi Jumamosi na maandazi mawili ya kuombea msamaha.
Mimi nilikuwa wa kubahatisha.
Syombua hakucheza.
Alikaa juu ya debe, daftari la hesabu magotini,
mraba mmoja hatua moja,
akiandika: popo, hesabu nne, ruka. Ubao mbovu. Ngazi usiiamini.
Wiki sita. Tulidhani hana hela.
Na kweli hakuwa nazo; alikuwa akizidunduliza.

Aliposimama akasema "nipisheni" ilikuwa Alhamisi,
mwaka ule wa ukame, stima ikikatwa kwa zamu.
Alivuka daraja kama mtu anayekwenda kuchota maji.
Mzee Oguttu alisahau chaki mkononi.
Mteja alibisha hodi dukani mpaka akachoka akaenda zake.
Daraja la pili. Ngome. Ngazi, hakuiamini.
Hatua ya saba, mlango,
na mlangoni jitu la vichwa viwili limejaa kioo kizima.
Kifo cha kwanza.
Cha pili.
Kichwa kimoja kikaanguka, Musembi akaning'ata bega, sijui kwa nini bega langu,

halafu, tik.

Nukta nyeupe katikati ya kioo
ikanywea, ikanywea,
na nje mtaa mzima ukasema "aaah" kwa sauti moja
kana kwamba nao walikuwa wakicheza.

Hakukuwa na kuhifadhi, siku zile.
Kesho unaanza na popo.

Hakulia. Aliomba kiberiti,
na kwa mwanga wa njiti moja, ikimuunguza kidole, akaandika:
kichwa cha kushoto kwanza.

Walihamia Athi River kabla ya mvua.
Daftari aliniachia, au nililiiba;
nimelisimulia jambo hili kwa njia zote mbili
na sasa siwezi kuapa.

Mwanangu ananiambia mwisho wa kila gemu ya zamani umo ndani ya simu,
nimtajie tu jina.
Namwambia haikuwa na jina.
Ananitazama kwa huruma, anarudi kwenye yake,
ambamo akifa anaamka palepale alipoanguka.

Usiku mwingine nalifungua.
Popo, hesabu nne, ruka.
Nyuma ya ukurasa wa jitu kuna desimali zake za darasa la sita,
zote zimekosewa,
na chini, wino mwekundu wa mwalimu, rangi pekee humo ndani:
Rudia.